Kadi Iliyofungwa Ijumaa

Kwenye karatasi, wazee wa Nakivale, kambi ya wakimbizi kusini mwa Uganda, karibu wote walizaliwa siku moja. Tarehe mosi Januari ndiyo sikukuu ya kambi nzima, na watu wana mzaha wao juu yake: asubuhi ya mwaka mpya ukikutana na jirani unampa pole kwa kuzeeka, naye anakurudishia pole hiyohiyo. Mariette alikuwepo siku shangazi yake, Mukandoli, alipozaliwa namna hiyo.

Ilikuwa mwaka 2003, chini ya turubai, baada ya safari ndefu kutoka milima iliyo juu ya Uvira, kule Kongo. Karani aliuliza mwaka wa kuzaliwa. Mukandoli akajibu kwamba alizaliwa mwaka ule sotoka ilipomaliza ng'ombe wa baba yake. Karani akamtazama, akaitazama foleni, akaandika 01/01/1948. Kisha akamgeukia Mariette, wakati huo msichana wa miaka kumi na sita, akaandika 01/01 hata kabla ya kuuliza, halafu akauliza mwaka tu. Mariette aliijua siku yake. Baba yake, mchungaji, alikuwa ameiandika ndani ya jalada la Biblia: tarehe 17 Agosti. Akafungua kinywa kusema. Shangazi yake akamfinya mkono.

Walipofika nje Mukandoli alimpa sababu. "Mutu anashika bic, usimubishie. Akikasirika anatukata ku liste."

Neno hilo la kalamu na orodha lilikaa kwa Mariette kama kovu la ndui. Aliishi nalo kambini miaka tisa, akijua kwamba jina kwenye orodha ni mahindi, ni mafuta, ni sabuni, na kwamba alama ndogo mbele ya jina inaweza kuwa kupata au kukosa. Alijifunza kompyuta katika chumba cha kanisa pale Base Camp, penye ofisi za kambi: mashine sita na jenereta moja yenye kikohozi. Vidole vyake vilikuwa vyepesi na alikuwa na jicho la kuona kisichokaa sawa. Mwaka 2012 alitoka kwenda mji wa Mbarara kutafuta kazi, na bwana mmoja aitwaye Mbabazi akampa.

Mbabazi alikuwa na kampuni ya kutengeneza programu za kompyuta, watu saba kwa jumla, ghorofani juu ya duka la mabati na misumari. Walitengeneza programu za vyama vya maziwa, za shule, na baadaye za zahanati. Mtu mwema, hilo Mariette hakulikana hata mambo yalipoharibika. Alikuwa na ng'ombe wake kule Kakiika, nje kidogo ya mji, na kila siku alileta galoni ya maziwa kazini. Saa nne kamili kila mtu aliacha mashine yake, wakakaa kuzunguka meza ndefu, na Mbabazi mwenyewe ndiye aliyemimina chai, akianza na aliyeajiriwa wa mwisho. Kwa hiyo kwa miezi mingi kikombe cha kwanza kilikuwa cha Mariette. Mariette alimwita Mzee, naye Mbabazi akamwita Nyabo, neno la kwao, kwa heshima kama ya mama mwenye nyumba. Mtoto wa mfanyakazi akiugua, Mbabazi alikuwa hospitalini kabla ya baba yake. Na mambo yote ya kazi yalisemwa pale, kwenye chai. Nani amekwama, nini kimevunjika, mteja gani ana hasira. Hakukuwa na karatasi. Aliyesikia alikumbuka, na aliyesahau alikumbushwa kesho saa nne.

Kazi ya Mariette ilikuwa kuijaribu programu kabla haijatoka: kuibonyeza kila mahali, kuiuliza maswali ya kipuuzi, kuona inaanguka wapi.

Mwanzoni mwa 2014 wakapata kazi kubwa kuliko zote walizowahi kupata. Shirika moja lilitaka daftari la kompyuta kwa ajili ya zahanati yake ndogo ndani ya Nakivale, hasa kwa wazee wanaochukua dawa za presha na sukari kila mwezi. Lakini shirika lilitoa sharti. Kazi yote iandikwe kwenye ubao wa kadi, ubao unaoishi ndani ya kompyuta, ambao wao wenyewe wataweza kuutazama wakiwa ofisini kwao. Likamtuma mtu kutoka Kampala, Kizito, kuja kuwafundisha kwa siku mbili.

Kizito alikuwa mwembamba, mcheshi, anayekula haraka. Aliwaonyesha safu tatu: Bado, Inafanywa, Imekwisha. Anayeona kasoro anaandika kadi yake na jina lake, na jina la atakayeirekebisha. Kadi inasogea kutoka safu hadi safu. Na kanuni moja ya lazima: kadi hufungwa na yule aliyeiandika, baada ya kuona kwa macho yake kwamba kasoro imekwisha. Ikifunguliwa tena, ubao unatuma ujumbe kwa wote, shirika likiwemo. Rugamba, mtoto wa dada yake Mbabazi na mwandishi hodari wa programu kuliko wote pale, aliuliza kama ubao unatoa na pingu. Watu wakacheka. Kizito naye akacheka, akasema ubao haumshitaki mtu, unashitaki programu. Siku ya tatu alikuwa ameshaondoka.

Mariette aliupenda ule ubao, na hakumwambia mtu. Palikuwa mahali ambapo jambo likisemwa linabaki limesemwa. Wiki ileile aliandika kadi ya kwanza ya kampuni: kitufe cha kuhifadhi kinahitaji kubonyezwa mara mbili. Kwenye nafasi ya mrekebishaji akaandika Rugamba, kwa kuwa kitufe kilikuwa chake.

Rugamba hakumsalimu siku tatu. Kwenye chai alipitisha sukari kwa kuzunguka upande mwingine. Hiyo ndiyo iliyokuwa adhabu. Siku ya nne Mbabazi alimwita dirishani. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambi za jeshi, alichokirithi kwa baba yake askari.

"Nyabo, wewe kama iko na maneno, kuja sema. Mimi nasikia, Rugamba nasikia. Watu ya nyumba moja hapana andikiana barua."

Aliyasema kwa upole, na upole huo ulimchoma zaidi ya makaripio. Mariette akaomba radhi. Tangu hapo kasoro zikarudi mezani, kati ya maziwa na mandazi, na ubao ukakaa mtupu kama uwanja wa shule wakati wa likizo.

Lakini shirika lilikuwa linatazama. Likauliza mbona kazi haionekani. Mbabazi akapata njia ambayo kwake ilikuwa ya amani kwa pande zote: kila Ijumaa alasiri Mariette, kwa kuwa vidole vyake ni vyepesi, angekaa aandike kadi za wiki nzima, mambo yote yaliyosemwa kwenye chai, kisha azisogeze safu kwa safu mpaka Imekwisha. Kadi kumi na tano, ishirini, zote zilizaliwa na kuzikwa ndani ya saa moja. Shirika likaona safu ya Imekwisha imejaa, likaandika barua ya pongezi. Mbabazi aliisoma mezani kwa sauti. Rugamba akarudi kumpitishia Mariette sukari.

Mwezi wa Aprili, akilijaribu daftari la zahanati, Mariette aliona kitu. Shirika lilikuwa limelalamika kwamba baadhi ya watu wameandikishwa mara mbili, na Rugamba akatengeneza mashine ndogo ndani ya programu ya kuondoa marudio: watu wawili wenye jina moja, wote wanawake au wote wanaume, na tarehe moja ya kuzaliwa, programu inawaunganisha kuwa mtu mmoja. Kwa mtu wa Mbarara hiyo ni akili ya kawaida. Nani atakuwa na jina lako na siku yako? Mariette aliitazama kanuni hiyo. Aliona foleni ya chini ya turubai, na karani akiandika 01/01, 01/01, 01/01.

Alilisema siku iliyofuata saa nne. Alieleza kwamba kule watu huandikishwa kwa jina moja tu, lile la nyumbani, na tarehe ya wote ni moja, kwamba akina Mukandoli wa mwaka 1948 wanaweza kuwa watatu. Rugamba alicheka kwanza, akidhani ni mzaha; kisha akaacha kucheka, akasema kwa kweli hakulifikiria, ataliangalia. Hakulisema kwa ujeuri. Alimaanisha.

Ijumaa Mariette aliandika kadi: watu wenye jina na tarehe moja wanaunganishwa kimakosa. Akaisogeza hadi Inafanywa, akaiacha hapo. Mbabazi alipopita nyuma yake akaona kadi moja imebaki peke yake katikati ya ubao.

"Hii nini?"

Akamweleza kwamba Rugamba bado hajaimaliza. Mbabazi alikuna shingo. Ripoti ilikuwa inakwenda kwa shirika saa kumi na moja. "Rugamba nasema atafanya. Yeye hapana danganya. Funga tu, Nyabo."

Mariette aliutazama mkono wake mwenyewe juu ya kipanya. Ilikuwa kama mkono wa shangazi unamfinya tena. Akaifunga.

Jumatatu yake mke wa Rugamba alijifungua mapacha. Kwenye chai ya wiki mbili zilizofuata watu waliongea habari za mapacha. Mwezi wa Mei programu ikapelekwa Nakivale, na kila mtu akajua, kwa sababu safu ya Imekwisha ilisema hivyo, kwamba hakuna kilichobaki.

Mwezi Agosti Mariette alikwenda nyumbani kumsalimu shangazi yake. Alimkuta amekaa mlangoni, chane za kusukia na kikapu kilichoanzwa viko miguuni pake, havijaguswa. Mukandoli alikuwa msukaji. Vikapu vyake vya mfuniko wa ncha viliuzwa mpaka sokoni Isingiro. Alimpokea Mariette kwa mkono wa kushoto. Mariette alidhani wa kulia una unga. Baadaye akamwona anainua kikombe, kikombe kikamponyoka, na nusu ya uso wake haikuonekana kushangaa.

Ilibidi amvute maneno moja moja. Mwezi wa Juni alikwenda zahanati kuchukua dawa yake ya presha. Muuguzi akaangalia kompyuta, akamwambia amekwisha kuchukua tarehe tatu. Julai ikawa vilevile. Agosti hakwenda.

"Banasema nilichukua. Miye sikuchukua."

"Kwa nini hamukubabishia, shangazi? Kwa nini hamukuniita?"

Mukandoli alimtazama kama mtu anayerudia somo kwa mtoto mzito. "Iko programu ya kazi yako. Nikibisha, banasema ni Mariette aliharibisha. Banakufukuza. Fasi ile iko mzuri kwako, mwanangu."

Kulikuwa na Mukandoli mwingine, Mnyarwanda, upande wa pili wa Ziwa Nakivale, 01/01/1948. Alikuwa anachukua dawa yake mwenyewe kila tarehe tatu, bila kosa lolote.

Jumatatu Mariette alifika kazini wa kwanza. Aliufungua ubao, akatafuta. Kadi ilikuwapo. Imekwisha. Aliyeandika: Mariette. Aliyefunga: Mariette. Tarehe, saa, dakika. Palikuwa mahali ambapo jambo likisemwa linabaki limesemwa, na alilolisema yeye ni uongo.

Hakungoja saa nne. Alikwenda kwa Mbabazi, akamweleza yote wima, hajakaa. Mbabazi alifunika uso kwa viganja viwili. Kisha akafanya kile ambacho alikuwa akikifanya daima: akampigia dereva, akampa gari lake mwenyewe limfuate Mukandoli na kumleta hospitali kubwa ya Mbarara, akamwita Rugamba waifungue programu papo hapo. Rugamba alipoelewa, aliivuta kompyuta kwake. Alikuwa na mama mwenye presha yeye pia.

Kuirekebisha kanuni hakukuchukua hata saa. Lakini waliokwisha kuunganishwa hawakuweza kutenganishwa na mashine. Rugamba alihesabu: watu arobaini na mmoja walikuwa wamemezwa na wenzao. Kila mmoja alitakiwa atafutwe kwa miguu, kijiji kwa kijiji, aandikishwe upya, arudishiwe dawa. Na kazi hiyo si ya kampuni iliyo juu ya duka la mabati. Ni ya shirika, lenye wahudumu na pikipiki. Lazima shirika liambiwe.

Mbabazi aliliona hilo. Mariette alimwona akiliona. Akaenda dirishani; chini barabarani lori la matoke, ndizi za kupika, lilikuwa linapakuliwa.

"Sisi tutawatafuta pole pole," akasema. "Mimi natoa gari. Rugamba nakwenda, wewe nakwenda. Wiki tatu, ine. Lakini kadi hapana fungua. Ukifungua, wao naona sisi ni watu ya uongo. Watu saba hapa, Nyabo. Mapacha ya Rugamba."

Wiki nne. Mariette alihesabu kichwani: shangazi yake alikuwa amekaa wiki ngapi bila dawa? Akasema ndiyo, Mzee, kwa sababu ndiyo ilikuwa imeshazoea kutoka. Akarudi kwenye kiti chake.

Saa nne ilipofika wengine walikaa mezani. Mariette alisikia kijiko kinagonga kikombe, akasikia jina lake likiitwa. Kadi ilikuwa bado mbele yake. Alibonyeza Fungua Tena. Ubao ukamuuliza sababu, na akaandika kwa Kiswahili, kwa maana ndiyo lugha iliyokuja: Nilifunga kadi hii kabla kazi haijafanyika. Watu 41 hawapati dawa. Majina haya hapa. Akayabandika yote. Kisha akaenda mezani, akakaa.

Simu zililia moja baada ya nyingine juu ya meza, saba zote, kati ya sukari na mandazi. Mbabazi alisoma yake. Akaiweka kifudifudi. Chupa ya chai ilikuwa mkononi mwake. Alimimina kwa kila mtu, akaanza na Rugamba, akazunguka, akafika kwa Mariette wa mwisho. Alimimina kikajaa. Hakumwaga hata tone.

Shirika lilikuja siku mbili baadaye kwa magari mawili. Wahudumu wake wakatembea siku kumi na moja. Waliwapata thelathini na tisa. Kati yao watatu walikuwa wamekwisha kufa, na hakuna aliyeweza kusema kama ni presha au ni uzee, na familia zao hazikuuliza. Wawili hawakuonekana, mmoja wao mwanamke aitwaye Mukarukundo, wa 01/01/1951. Mtu akasema amehamia Oruchinga, kambi nyingine ya jirani, kwa binti yake. Mariette alikodi bodaboda Jumamosi mbili mfululizo, akazunguka Oruchinga nzima akiliuliza jina hilo. Aliwapata akina Mukarukundo wanne, na hakuna aliyekuwa yeye.

Kazini hakuna aliyemgombeza. Rugamba ndiye pekee aliyelitaja jambo lile, siku moja kwenye ngazi, kwa sauti ya chini kama anayeomba moto wa sigara. Alisema angeirekebisha kasoro ile kama angeikumbuka. Kisha akasema, "Lakini ungetuambia kwanza kwamba unafungua." Mariette alijibu kwamba walishaambiwa, Aprili, kwenye chai. Rugamba akashuka ngazi.

Na jambo la ajabu ni kwamba sasa ubao ulitumika. Watu waliandika kadi kila siku, tena kwa bidii. Neno limekosewa tahajia. Rangi ya kitufe. Mstari umepinda. Kadi ndogondogo, safi, zisizomgusa mtu. Makubwa yaliendelea kusemwa, ila si mezani tena mbele ya Mariette. Alipokuja, mazungumzo yaligeukia maziwa. Alikuwa amewaonyesha kwamba ubao unauma, nao wakajifunza kuulisha bila kuukaribia meno.

Desemba shirika liliandika kwamba halitaendelea nao mwaka ujao. Watu watatu wakapunguzwa, na Mariette alijua kabla ya kuitwa kwamba ni mmoja wao. Mbabazi alikuwa amemwandikia barua ya sifa, ndefu, yenye neno mwaminifu mara mbili. Alimpa na galoni ya maziwa kwa ajili ya Mukandoli. Kisha akakaa, akazungusha kalamu mezani.

Ripoti ya mwisho ilikuwa inakwenda siku ile. Kulikuwa na kadi moja tu kwenye safu ya Inafanywa, na kwa kanuni ya Kizito hakuna wa kuifunga ila yeye aliyeiandika.

"Ni Ijumaa, Nyabo," Mbabazi akasema. Alijaribu kutabasamu. "Kwa ajili ya nyumba."

Mariette aliishika ile galoni kwa mikono miwili. Alitamani kumpa. Huyu ndiye aliyempa kikombe cha kwanza katika mji ambao haukumjua, huyu ndiye aliyelipeleka gari lake kumchukua shangazi yake. Alitafuta ndani yake ile ndiyo ya zamani, nayo ilikuwapo, tayari mdomoni.

"Wawili bado, Mzee," akasema.

Mbabazi alitikisa kichwa taratibu, si kwa hasira. Akamsindikiza mpaka chini, penye mabati, akamsimamishia bodaboda mwenyewe.

Mukandoli alikunywa maziwa yale jioni hiyo kwa mkono wa kushoto. Dawa alikuwa anaipata tena, kila tarehe tano, lakini kiharusi kilikuwa kimeuacha mkono wa kulia umelala moja kwa moja. Aliuliza kwa nini Mariette amerudi na sanduku. Mariette akamweleza, na shangazi akasikiliza mpaka mwisho, akiyatazama majani ya kusukia yaliyoning'inia ukutani.

"Ulibishia mwenye bic," akasema.

"Ndiyo, shangazi."

Mukandoli hakumsifu wala hakumlaumu. Alimwomba amteremshie majani yale. Akakishika kitako cha kikapu kwa magoti, akajaribu kupitisha uzi wa jani kwa mkono wa kushoto, ukakosa tundu. Akajaribu tena. Mariette alinyoosha mkono kumsaidia, na yule mzee akaupiga kidogo, kama apigavyo mtoto anayegusa chungu, akaendelea kutafuta tundu.